Nakala Ishirini za Uso Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeuona uso wangu ukining'inia kwenye kamba. Mara kumi na mbili. Umebanwa kwa vibanio vya nguo vya mke wangu, unakauka. Sijawahi kujiona nikiwa mwingi kiasi hicho. Nakiri kwamba nilipendeza.

Nieleze kwa utaratibu, maana shajara isiyo na maelezo ni kama ramani isiyo na ufunguo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni msanii wa picha za chapa. Stoo yetu ya nyuma ndiyo karakana yake. Kwanza huchora picha kwenye kibao. Kisha huchonga kwa patasi ndogo sehemu zinazotakiwa zibaki nyeupe. Hupaka wino kwa rola, hulaza karatasi juu yake, husugua. Akiibandua karatasi, picha ipo. Rahisi. Hata mimi naweza.

Mwezi mzima uliopita nilikaa mbele yake anichore, kwenye kiti kikubwa cha mikono. Koti jeusi, tai, kidevu juu. Aliniambia anatengeneza picha tatu: moja ya mamlaka, moja ya udhaifu, moja ya mtu tu, kama mtu alivyo. Hakusema mimi ni ipi. Hakuhitaji kusema.

Stoo ni finyu. Kamba ya mbele imefungwa chini zaidi na ina picha za kiti kitupu, kwa hiyo nilijiona kuanzia kifuani kwenda juu. Yatosha. Mamlaka hukaa kifuani kwenda juu.

Na imekuja wakati wake. Chama cha Walimu Wastaafu kinachagua mwenyekiti tarehe kumi na tano. Wagombea ni wawili. Mimi, na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa mkaguzi wa shule. Miaka ishirini na sita iliyopita aliingia darasani kwangu nikifundisha mito na mabonde. Akakaa nyuma dakika arobaini. Kwenye ripoti akaandika sentensi moja: "Mwalimu ana sauti kubwa." Basi. Hakuna la mito, hakuna la mabonde.

Sijasahau. Sina kinyongo, lakini sijasahau.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba mpwa nakala moja niibandike ukumbi wa chama. Amekataa. Kwa adabu zote, lakini amekataa. Akasema, Mjomba, nakala ni ishirini tu kwa kila picha, na zote zimeahidiwa Nyumba ya Sanaa kwa onyesho la mwezi huu. Kila moja inaandikwa namba yake kwa penseli: ya kwanza kati ya ishirini, ya pili kati ya ishirini, hivyo hivyo hadi mwisho. Nikauliza hiyo ya kwanza kapangiwa nani. Akasema ya kwanza na ya ishirini ni sawa tu.

Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na minane. Sijawahi kuona wa kwanza na wa ishirini wakiwa sawa. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akacheka, akaendelea kusafisha rola.

Kisha likaja baya lenyewe. Nakala ya ishirini ikishatoka, kibao hukatwa. Ndiyo desturi ya kazi yao. Mnunuzi huchukua nakala yake akiamini kwamba haitapigwa ya ishirini na moja, na ushahidi wa ahadi hiyo ni kibao chenyewe kilichojeruhiwa. Msanii huchukua patasi na kuchora mistari miwili, kona hadi kona, mbele ya shahidi. Shahidi hutia sahihi. Shahidi wetu ni mama wa Nyumba ya Sanaa, ambaye mimi namwita Bi Miwani. Anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Asipoona vibao vikikatwa, hatundiki kitu.

Mistari miwili, kona hadi kona. Yaani alama ya mkasi katikati ya uso wangu. Alama hiyo naijua. Nimewawekea wengi kwa kalamu nyekundu. Sikuwahi kufikiri itanirudia.

Niandike pia, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, kwamba jambo hili si dogo kwa mpwa. Alikuwa karani ofisi ya maji. Amechukua likizo bila malipo ili amalize picha hizi, na likizo inaisha mwezi huu. Dada yangu amesema wazi: onyesho hili likishindikana, binti anarudi kwenye dirisha la malalamiko na hakuna tena mambo ya vibao. Mpwa anasema ndotoni husikia watu wakimlalamikia mabomba.

Namwonea huruma. Lakini uso ni wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeokoa kibao.

Sijaiba. Kuiba ni kuchukua cha mtu. Ijumaa asubuhi mpwa hufundisha kuchora shule ya msingi, na ufunguo wa stoo huning'inia jikoni kwetu, mahali ambapo mtu yeyote mwenye mkono anaweza kuufikia. Kibao kilikuwa kwenye rafu, kimefungwa shuka kuukuu, tayari kwa Alhamisi. Kina ukubwa wa sinia la chai na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Ndani ya shuka ile ile nimefunga ubao wa mke wangu wa kukatia mboga. Ukubwa karibu sawa.

Uzuri wa mpango wangu ni huu. Alhamisi watafungua shuka, watakuta ubao umejaa mikato pande zote. Watasema, kumbe kimeshakatwa. Bi Miwani atatia sahihi. Kila mtu ataridhika.

Nimeupitia mpango mara tatu kutafuta kasoro. Sijaiona.

Jioni mke wangu aliuliza ubao wake uko wapi. Nilimwambia vitu vya nyumbani hupotea kwa kukosa utaratibu. Akakatia vitunguu kwenye sahani.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kazi. Mpwa yuko kwa mama yake hadi Jumatano jioni, wanashona mifuko ya kuhifadhia nakala. Nilijifungia bafuni tangu saa tatu asubuhi.

Vifaa: kibao, rola ya akiba, kopo la wino lililobaki nusu, mwiko wa kusugulia. Karatasi nilikuwa nazo: mitihani ya zamani ya Jiografia niliyoihifadhi miaka yote kwa sababu nilijua itafaa. Mbele ina majibu ya wanafunzi kuhusu volkano. Nyuma ni nyeupe kabisa.

Ya kwanza ilitoka na alama ya dole gumba langu kwenye paji la uso. Niliiweka kando. Nyingine zikatoka safi. Bafuni kuna giza na miwani ilikuwa inaingia mvuke, kwa hiyo niliivua, nikafanya kazi kwa mikono na imani. Wino uliisha kwenye ya ishirini na tisa. Nikaendelea kwa rangi ya viatu. Ukiangalia kwa mbali hakuna tofauti, ila harufu.

Saa tano mke wangu aligonga mlango. Akauliza, baba watoto, hali ikoje humo. Nikasema njema. Saa sita akagonga tena, akaniuliza niletewe dawa ya tumbo au niitiwe gari la hospitali. Nikasema naomba faragha. Nikamsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba mzee yuko ndani tangu asubuhi na anasugua kitu.

Kwa maneno, nilichonga kwenye soli ya kandambili iliyokatika: MWENYEKITI WETU. Herufi safi, za mwalimu. Nikazigonga chini ya kila picha, mia kwa mia, mstari ulionyooka.

Arobaini kamili. Ile yenye dole gumba sihesabu, hiyo ni jaribio.

Zilipokauka ndipo nilipovaa miwani na kugundua kwamba maneno yamegeuka. Unachochonga kinatoka kinyume, kama kwenye kioo. Miaka thelathini na minane ya kusoma ramani, na hilo likanipita. Nilikaa kwenye ukingo wa beseni nikafikiri. Nikaamua yabaki. Anayetaka kusoma atajitahidi. Elimu haiji kwa kulala.

Kwa hasira ya maneno sikuangalia kingine chochote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebandika zote arobaini. Gundi, brashi, mguu kwa mguu. Duka la dawa, fundi cherehani, ukumbi wa chama, ukuta wa soko, mlango wa stendi, kwa kinyozi.

Kwa kinyozi nilipata ushindi nisioutarajia. Bango langu amelibandika kwenye ukuta unaotazamana na kioo kirefu, kwa hiyo wateja wake, wakiwa wamefungwa shuka shingoni, wanalisoma kwenye kioo sawasawa kabisa. Kinyozi akasema, Mwalimu, wewe ni mtu wa akili nyingi, ulijuaje? Nikamwambia mambo haya hupangwa.

Nikirudi nilimkuta Mkaguzi mbele ya ukumbi. Mikono nyuma, kichwa upande, mkao ule ule wa miaka ile. Alikuwa anaitazama picha yangu kutoka juu hadi chini, akafika chini, akakaa huko. Akatoa kijitabu mfukoni akaandika kitu. Kisha akageuka akaniambia, Mwalimu, kazi nzuri. Hasa sehemu ya chini.

Nilishukuru. Nadhani ameanza kuogopa.

Mke wangu aliona bango kwenye ukuta wa soko. Akauliza kama mpwa ameruhusu. Nikamwambia mpwa ananipenda sana, jambo ambalo ni kweli.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbili mbaya. Nizieleze moja moja.

Jana asubuhi fundi cherehani aliniita akaniambia nimletee soksi zangu, atazitia kiraka bure, kwa heshima ya umri wangu. Sikuelewa. Mchana dada wa duka la dawa akanipa plasta ya kidole, akaninong'oneza kwamba baba yake naye ana shida hiyo hiyo. Nikavaa miwani. Nikaenda ukutani. Nikatazama, safari hii kuanzia kiunoni kwenda chini.

Nimekaa kwenye kiti. Koti, tai, kidevu. Sawa. Halafu suruali imepanda. Halafu nimevua viatu, kwa sababu stoo ni ya joto na nilidhani anachora juu tu. Halafu soksi. Na kutoka kwenye soksi ya kushoto, kidole gumba. Chote. Amekichonga kwa uangalifu mkubwa kuliko pua yangu. Kuna hata ukucha.

Arobaini. Mji mzima.

Nilitaka kwenda kumgombeza mpwa, lakini ningemgombeza kuhusu picha ambayo sikupaswa kuwa nayo. Hapo ndipo mtu anapojua maana ya kuumwa na jino asilonalo.

Leo asubuhi nimezunguka na gundi na vipande vya karatasi, nikabandika kipande juu ya kidole katika kila bango. Nilidhani mambo yamekwisha. Kufikia adhuhuri watu wamesimama vikundi vikundi wakiuliza kuna nini chini ya karatasi. Mmoja anasema kidole kimekatwa. Mwingine anasema mzee ana vidole sita. Mkaguzi, nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wanachama pale ukumbini, alisema yeye hasemi kitu, anauliza tu: kiongozi anayeficha kidole atashindwa kuficha nini?

Wakampigia makofi.

Mpwa amerudi jioni kwa njia ya nyuma, mikono imejaa mifuko, hakupita sokoni. Kesho Bi Miwani anakuja saa nne.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, kwa sababu hakuna anayetaka nikae kwingine.

Bi Miwani amefika kwa wakati. Mrefu, miwani ina mnyororo, ni mtu wa kutazama kitu muda mrefu kabla ya kukisemea. Mpwa alikuwa amezipanga nakala mezani na ameziandikia majina kwa penseli. Nikasogea kusoma.

Kiti kitupu: "Mamlaka."

Mimi kitini: "Udhaifu."

Ya tatu sikuwahi kuiona. Mtu amepiga magoti, mgongo kwetu, anapekua chini ya kiti. Anatafuta miwani. Miwani iko kichwani kwake. Koti nalifahamu. "Mtu."

Nilimweleza Bi Miwani kwa upole kwamba majina yamechanganywa. Mpwa akasema hapana, Mjomba, hayajachanganywa. Kiti hakiogopi kitu. Aliyekikalia ndiye anaogopa kuinuka. Bi Miwani akatikisa kichwa kukubali. Nikarudi kuyasoma majina upya, kuanzia la kwanza.

Mpwa akakata kibao cha kiti. Akakata kibao cha miwani. Akafungua shuka ya tatu.

Harufu ya vitunguu ikajaa stoo.

Bi Miwani akainama juu ya ubao, akautazama muda mrefu. Akasema mikato hii ina ujasiri ambao hakuuona kwenye vile vingine. Moyo wangu ukapanda. Mpango ulikuwa unafanya kazi. Akashika kalamu. Mlangoni akaingia mke wangu na sinia la chai, akasema, "Ubao wangu huo."

Kisha akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi.

Nilisema yote. Rola, mwiko, bafu, rangi ya viatu. Mke wangu akasema, kumbe na mwiko. Bi Miwani akavua miwani. Akasema njiani aliona picha kwenye duka la dawa, yenye kiraka kidoleni, akadhani ni tangazo la dawa ya miguu. Akafunga mkoba wake. Alisema bila hasira, na afadhali angekasirika: mimi siwezi kuwaambia watu ziko ishirini wakati ziko sitini.

Mpwa hakulia. Alikwenda kwenye beseni akaanza kuosha rola ambayo ilikuwa safi. Aliiosha sana.

Mlangoni Bi Miwani aligeuka. Akauliza nilipiga ngapi. Nikasema arobaini. Akasema kesho saa kumi na moja jioni atapita tena. Akiziona zote arobaini zikichanwa mbele yake, na kibao kikikatwa, atatia sahihi. Ikipungua hata moja, asisumbuliwe.

Mke wangu amepika chakula cha watu wawili. Sisi ni watatu.

Ijumaa, 14 Machi

Nilianza alfajiri, ndoo ya maji ya moto na kisu cha kubandulia. Kazi ngumu kuliko kubandika. Gundi yangu ni nzuri mno.

Watu nao hawakunisaidia. Kinyozi alikataa, akasema wateja wameanza kupenda kusoma. Dada wa duka la dawa akalalamika kwamba tangu picha ibandikwe plasta zinanunuliwa kuliko kawaida. Fundi cherehani alikuwa ametumia yake kukata umbo la kola. Nikachukua vipande vyote vinne. Kufikia saa saba nilikuwa na thelathini na tisa.

Ya arobaini ni ile ya ukumbini. Pale ukutani palibaki alama ya gundi tu. Mlinzi akasema Bwana Mkaguzi aliibandua jana kwa mvuke wa birika, taratibu, bila kuipasua.

Nikaenda kwake. Iko sebuleni, imetiwa fremu, juu ya redio. Kiraka cha kidole amekiondoa. Akanikaribisha kiti, akaniuliza za nyumbani, akaniuliza za mpwa. Nikamweleza shida. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema picha ile ameizoea, inamchangamsha asubuhi. Lakini, akasema, mtu anaweza kumpa chochote mgombea mwenzake aliyejitoa. Barua fupi tu.

Nikamwambia nitakufa kwanza. Akasema hapana haraka, uchaguzi ni kesho.

Nikatoka. Nikafika nyumbani na thelathini na tisa zangu. Mpwa alikuwa sebuleni anapiga pasi blauzi nyeupe. Ile ya ofisi ya maji. Alikuwa anaipiga kola kwa makini, upande huu, upande ule. Akasema, shikamoo Mjomba, umekula? Hakuna lingine. Angenitukana ningekaa.

Nikageuka. Nikavuka barabara.

Barua niliiandika kwenye meza ya Mkaguzi, kwa kalamu ya Mkaguzi. Aya mbili. Akaisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, nadhani hakujua ameishika. Akaweka alama ndogo pembeni, akasema aya ya pili ni ndefu. Halafu akasema, polepole, "Sauti imepungua, Mwalimu."

Alipoinuka kuitoa fremu ukutani nilitazama chini. Hakuwa na viatu, alikuwa nyumbani kwake. Soksi za kijivu. Vidole gumba vyote viwili nje.

Akaniona nimeona. Akaweka mguu juu ya mguu. Mimi nikatazama dari, nikasifu rangi yake. Wanaume wawili, elimu yote ile, na vidole vitatu nje, maana nami viatu niliviacha mlangoni, na leo niliondoka kwa haraka na soksi ile ile. Akanikabidhi picha pamoja na fremu. Akasema fremu ni ya mpwa.

Saa kumi na moja Bi Miwani alihesabu. Arobaini, vipande vinne vya kola vikihesabiwa moja. Tukachana wote wanne. Mke wangu alichana kwa moyo zaidi. Kisha mpwa akafungua shuka ya kibao nilichokirudisha, akanishikisha patasi mimi. Akasema, Mjomba, uso ni wako.

Nilikata. Kutoka juu ya sikio hadi kwenye kidole. Mbao ni ngumu kuliko nilivyodhani. Mstari wa pili ulipinda kidogo. Mkaguzi, ambaye alikuwa amesimama kwenye uzio wetu bila kualikwa, alisema haukunyooka.

Bi Miwani akatia sahihi.

Jumamosi, 15 Machi

Mkaguzi amepita bila kupingwa. Kwenye hotuba alinishukuru kwa ukomavu. Nilipiga makofi kwa sauti kubwa.

Jumamosi, 22 Machi

Leo onyesho limefunguliwa. Ukumbi mweupe, taa nzuri, watu wanatembea polepole kama wako kwenye nyumba ya mgonjwa. Mbele ya "Mamlaka" wanapita. Mbele ya "Mtu" wanacheka, kisha wanajipapasa vichwani kuona kama miwani ipo. Mbele ya "Udhaifu" wanasimama. Mama mmoja alisimama hapo hadi mumewe akamfuata, naye mama akamwonyesha kidole kile, akamwambia, huyu ni wewe. Mume akabisha. Kisha akatazama viatu vyake.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya picha, mkao ule ule, kidevu juu. Kwa bahati tu. Watu kumi na wanane wamenitambua. Mmoja aliomba kunishika mkono. Nilimweleza kwa kirefu namna picha ya chapa inavyopigwa, na umuhimu wa kukata kibao, na kwa nini nakala zikizidi hata moja ahadi yote inaharibika. Alinisikiliza vizuri sana mpaka mkewe alipomwita.

Mpwa amepeleka barua ofisi ya maji. Harudi. Blauzi nyeupe ameikata, anafutia wino. Dada yangu alizunguka ukumbi mara mbili, akasema tu kwamba kiti kimetoka vizuri. Kwake hiyo ni hotuba. Mpwa akanikumbatia mbele ya watu akasema amenisamehe, ila ufunguo wa stoo sasa anatembea nao.

Mkaguzi alikuja na viatu vipya. Tukasalimiana. Akaninong'oneza kwamba makamu wake anahamia kwa wanawe, na kwamba mwezi wa tano itabidi wachague mwingine.

Makamu mwenyekiti.

Nimerudi nyumbani nikafungua shajara hii ukurasa wa mwisho. Ile yenye dole gumba langu kwenye paji la uso bado ipo. Niliikunja mara mbili tu, imekaa vizuri. Bi Miwani aliuliza nilipiga ngapi, nami nilisema arobaini, na arobaini ni kweli, kwa sababu hii haikuwa nakala bali jaribio. Na sina nia ya kuibandika popote. Nitaipeleka tu kwa fundi wa mabango niliyempitia njiani, ambaye anasema anaweza kuichora upya kwa brashi, ukubwa wa mlango.

Makosa ya mara ya kwanza nimeyachunguza yote, kama ilivyo kawaida yangu, na ni mawili. Kwanza, soksi. Nimemwagiza aishie magotini. Pili, maneno. Fundi alitaka kuyaandika kama kawaida. Nilimweleza kwa subira, nikamchorea na mfano, hadi akakubali: atayaandika kinyume, herufi kwa herufi, ili yatoke sawa.